Kava la gemu yako dukani: anza na picha ndogo kuliko zote

Ukitafuta gemu kwenye duka la Steam kwa kompyuta, kila gemu inajitokeza kwenye orodha kwa kijipicha cha pikseli 120 kwa 45. Ni kama upana wa vidole viwili kwenye skrini ya kawaida. Mnunuzi anateremsha orodha haraka, na kijipicha hicho ndicho pekee kinachoweza kumsimamisha. Trela yako, muziki wako, miaka yako ya kuandika programu usiku, vyote vinasubiri abonyeze hapo kwanza.

Watengenezaji wengi huanzia upande wa pili. Wanachora bango kubwa, wanapamba mpaka kope za mhusika, halafu siku ya kupandisha faili ndipo wanalibana liingie kwenye kile kidirisha kidogo. Kinachobaki ni ukungu wenye herufi zisizosomeka. Hapa tutakwenda kwa kugeuza mpangilio: tunachora ndogo kwanza, kubwa itafuata.

Ili tuwe na kitu cha kushika, nitatumia gemu ya kubuni. Tuiite "Kusi". Wewe ni nahodha wa jahazi, unapakia boriti za mikoko kwenye delta ya Rufiji, unapandisha tanga msimu wa kusi, upepo utokao kusini, na kuelekea kaskazini, Zanzibar mpaka Lamu, huku ukikwepa miamba na madeni. Imetengenezwa na watu wawili. Haina bajeti ya matangazo.

Hatua ya 1: Zijue picha zinazotakiwa

Steam huziita picha hizi kapsuli, na kila moja ina kazi yake. Hizi ndizo za lazima kuzifikiria mapema:

- Kapsuli ndogo, 462 kwa 174. Hii ndiyo ya orodha: matokeo ya utafutaji, gemu zinazouza sana, gemu mpya. Steam yenyewe huipunguza mpaka 184 kwa 69 na ile 120 kwa 45.
- Kapsuli ya kichwa, 920 kwa 430. Inakaa juu ya ukurasa wako na kwenye sehemu za mapendekezo.
- Kapsuli kuu, 1232 kwa 706, kwa ajili ya ukurasa wa mbele.
- Kapsuli ya wima, 748 kwa 896, inayotumika hasa wakati wa mauzo ya msimu.
- Za maktaba: kava la 600 kwa 900, na picha ndefu ya 3840 kwa 1240 inayotandazwa nyuma ya gemu mtu akishaimiliki.

Ukiuza pia itch.io, duka jingine la gemu mtandaoni, kava moja la 630 kwa 500 linatosha, na hata picha inayotembea ya GIF inakubalika. Google Play wanataka aikoni ya 512 kwa 512 na bango la 1024 kwa 500. Kwa mtengenezaji wa Afrika Mashariki ningesema usiidharau hiyo aikoni: wachezaji wengi wa huku gemu wanazijulia kwenye simu.

Tazama maumbo hayo tena. Moja ni jembamba na refu, jingine limesimama, jingine ni mraba. Hakuna mchoro mmoja utakaokatwakatwa ukaingia kote ukabaki na maana. Hili tutalirudia.

Hatua ya 2: Amua kava linaahidi nini

Kabla ya penseli, andika sentensi moja: mtu akiliona kava hili, ajue atafanya nini ndani ya gemu. Hadithi yako iweke kando kwanza, andika anachokifanya. Kwa "Kusi", hadithi ni ya kijana aliyerithi jahazi la baba yake pamoja na madeni yake. Lakini mchezaji anachokifanya ni kuendesha chombo cha tanga kwa upepo, kufanya biashara, na kuogopa bahari. Kava linalomwonyesha kijana akilia kaburini litakuwa la kweli kwa hadithi na la uongo kwa gemu.

Halafu kuna suala la majirani. Nenda dukani, fungua lebo, yaani maneno ya kutaja aina, ambazo gemu yako itabeba, chukua kava za gemu ishirini hivi zinazofanya vizuri, zipange zote kwenye ukurasa mmoja. Utaanza kuona lugha ambayo wanunuzi wa aina hiyo wameshaizoea. Gemu za kilimo na utulivu zina anga jepesi, rangi za joto, herufi nene za mviringo. Za kutisha zina giza na kitu kimoja chenye mwanga. Za mikakati hupenda ramani, majeshi na herufi zenye heshima kama za mhuri wa serikali.

Kazi yako ni kusema kwa lugha hiyo ila kwa sauti yako. Ukiikataa kabisa, mteja wako atapita bila kujua ulikuwa unamwita yeye. Ukiiga neno kwa neno, utapotea kwenye kundi. Angalia Hollow Knight: uso mweupe, pembe mbili, macho mawili meusi, basi. Ni gemu ya giza na kava lake ni la giza kama wenzake, lakini ule uso unautambua hata ukiwa na ukubwa wa punje. Balatro nayo ni gemu ya karata, na inakuwekea jokari mbele ya macho. Hakuna aliyebaki akijiuliza ni gemu ya nini.

Hatua ya 3: Chora vivuli vidogo, vingi

Fungua Krita au GIMP, programu za kuchorea, zote ni za bure, tengeneza ukurasa wenye visanduku vya 120 kwa 45, na uchore humo humo kwa brashi nene na rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Usikuze skrini. Lengo ni kupata umbo, na umbo likishindwa hapa hakuna rangi itakayoliokoa baadaye.

Kwa "Kusi" wazo la kwanza litakuwa jahazi zima kwa ubavu, nahodha akishika usukani, jua nyuma. Kwenye kisanduku kile jahazi zima linageuka kijiti chenye pembetatu juu yake. Mlingoti haupo, kamba hazipo, nahodha ni doa. Yale macho ya mbao yanayobandikwa omoni, mbele ya chombo, kwa majahazi ya Lamu, ambayo ungetumia siku nzima kuyachonga vizuri, hayaonekani kabisa.

Wazo la pili: uso wa nahodha kwa karibu. Unasomeka, lakini hauna bahari. Anaweza kuwa mpelelezi, mkulima, au mpishi.

Wazo la tatu: tanga lenyewe. Tanga la jahazi ni pembetatu kubwa iliyojikunja kwa upepo, imening'inia kwenye foromali, ule mti wa tanga uliolala mshazari. Ni umbo ambalo halifanani na meli za maharamia wa Karibi zilizojaa dukani. Likate tanga hilo litoke nje ya fremu juu, lichukue theluthi mbili ya kisanduku, jeupe juu ya bahari nyeusi, na chini kabisa weka kichwa na mabega ya mtu mmoja, mdogo, akiangalia juu. Sasa una ukubwa wa bahari, una upepo, una mtu, na vyote vinasomeka kwa madoa matatu. Hilo ndilo la kuendelea nalo.

Usiridhike na la kwanza lililokaa vizuri. Jaza ukurasa mzima, kisha ondoka, rudi kesho yake, uone ni kipi macho yako yanakiendea bila kulazimishwa.

Jambo moja la pembeni, kwa sababu nimechoka kuliona: ukiwa na gemu ya Kiafrika, hulazimiki kuweka mti wa mgunga, twiga na jua la machweo. Mnunuzi wa ng'ambo ameshaliona hilo kwenye vipeperushi vya safari, na wa Mombasa au Kigamboni hajioni humo. Kinachouza ni kitu mahususi. Na ukishaamua kuwa mahususi, kuwa sahihi: kama tanga limejaa upepo kwenda omoni, bendera nayo ipepee kuelekea huko huko. Watu wa pwani wataligundua kosa hilo haraka kuliko utakavyodhani, na watakuandikia.

Hatua ya 4: Jina lisomeke

Kwenye kapsuli ndogo, jina la gemu ndilo mfalme. Steam wenyewe wanashauri nembo ya jina ikaribie kuijaza kapsuli hiyo yote. Watu wengi wanaogopa kufanya hivyo kwa kuwa wanaona mchoro wao unafunikwa. Acha ufunikwe. Mchoro utapata nafasi yake kwenye kapsuli kubwa.

Hapa ndipo urefu wa jina unapoleta shida. "Kusi" ni herufi nne, unaweza kuziandika kubwa mpaka zikafika ukingoni. "Nahodha wa Pepo za Kusi: Deni la Baba" haliingii popote. Kama tayari umeshalipenda jina refu, ligawe: neno moja kubwa, mengine madogo chini yake, na kwenye kapsuli ndogo yale madogo uyatoe au uyaache bila matumaini ya kusomeka.

Kuhusu fonti: chagua yenye mwili. Herufi nyembamba za kifahari zinakufa zikipunguzwa. Anza na fonti nzito ya kawaida, kisha uifanyie ufundi kwa mkono. Kwa mfano mkono wa juu wa K uinuke kama foromali, au mkia wa S ujikunje kama wimbi. Badiliko moja linatosha. Epuka zile fonti zinazouzwa kwa jina la "Kiafrika" zenye meno na vistari. Zinasomeka vibaya na zinanuka duka la vinyago.

Kabla hujaitumia fonti yoyote, soma leseni yake. Zile zilizotolewa kwa leseni ya SIL Open Font, na nyingi za Google Fonts ziko hivyo, unaruhusiwa kuzitumia kibiashara. Fonti uliyoikuta kwenye tovuti ya bure isiyoeleza chochote ni mtego.

Mwisho, tenga jina na mchoro kwa mwanga. Herufi nyeupe juu ya tanga jeupe hazitasomeka hata uweke kivuli cha namna gani. Afadhali usogeze tanga kulia na uache bahari nyeusi kushoto iwe kitanda cha jina.

Hatua ya 5: Rangi, lakini mwanga kwanza

Ukishaweka rangi, tengeneza nakala uitoe rangi zote ibaki kijivu. Kama tanga, mtu na jina vinayeyuka kuwa kijivu kimoja, tatizo lako ni mwanga na giza, na kubadilisha bluu kuwa zambarau hakutasaidia.

Kumbuka pia ukuta unaotundika picha yako. Ukurasa wa Steam ni bluu nzito inayokaribia nyeusi. Kava la "Kusi" lenye bahari ya usiku hadi kingoni litamezwa na ukurasa, mtu asijue picha inaishia wapi. Kwa hiyo bahari yetu tuifanye kijani cha maji ya pwani asubuhi, tanga liwe na rangi ya krimu iliyochoka, na mtu wa chini avae kitu chekundu. Rangi tatu. Ile nyekundu isirudiwe popote pengine.

Hatua ya 6: Kama huchori, mlipe anayechora

Kama una pesa kidogo na hujui zitumike wapi, mimi ningeziweka hapa kabla ya kitu kingine chochote. Ila usimwendee mchoraji na maneno "nitengenezee kava kali". Mpe vitu hivi: ile sentensi ya ahadi, ukurasa wa kava za majirani, kivuli chako cha 120 kwa 45 hata kama ni kibaya, picha za gemu yenyewe, na orodha ya vipimo. Mwambie wazi kwamba mchoro utapangwa upya kwa maumbo tofauti, kwa hiyo unataka faili lenye matabaka: mtu peke yake, tanga peke yake, mawingu peke yake, jina peke yake. Ukiletewa picha moja iliyobanwa pamoja, kila mabadiliko yatakuwa ya kulipia upya.

Kubalianeni kwa maandishi, hata kama ni rafiki yako mlisoma wote. Bei, awamu za malipo, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, nani anamiliki mchoro, na kama unaweza kuuchapisha kwenye fulana. Ujumbe wa WhatsApp ni afadhali kuliko maneno matupu, lakini karatasi yenye saini ni bora zaidi.

Kuhusu picha za akili mnemba: tangu Januari 2024 Steam inawataka watengenezaji waeleze kama wameitumia, na maelezo hayo huonekana kwa wanunuzi kwenye ukurasa. Wapo wanaoondoka wakiyaona tu. Amua ukijua hilo.

Hatua ya 7: Panga upya kwa kila umbo

Sasa ndipo matabaka yanapolipa. Kapsuli ya kichwa: jina kushoto, tanga kulia, mtu chini yake. Ya wima: tanga linapanda juu kabisa, jina linakaa katikati au chini, mtu anakuwa mkubwa kidogo. Kapsuli ndogo: jina, na ncha ya tanga nyuma yake, basi. Mtu mtoe.

Picha ndefu ya maktaba isiwe na maandishi wala nembo. Jina huwekwa juu yake kama faili la peke yake lisilo na rangi nyuma ya herufi. Na kwa sababu skrini hutofautiana, kingo za picha hiyo hukatwa, hivyo mambo ya maana yabaki katikati. Jahazi zima ulilolitamani tangu mwanzo, pamoja na macho yake ya omoni, lichore hapa. Nafasi ipo.

Chunga pembe ya juu kushoto kwenye kapsuli za duka. Steam hubandika hapo utepe wa kumwambia mtu kwamba gemu hii anayo tayari au ameiweka kwenye orodha ya anazozitaka. Kwenye bango la Google Play, ukiwa na video, kitufe cha kuchezesha hutua katikati, kwa hiyo uso wa mtu usiwe pale. Aikoni yao ichore ijae mraba wote bila kukata pembe. Wao ndio wanaozikata ziwe mviringo. Kwa "Kusi", aikoni ni tanga na anga tu. Jina liko chini ya aikoni tayari.

Hatua ya 8: Usivunje masharti

Tangu Septemba 2022, kapsuli za Steam zinaruhusiwa mchoro wa gemu, jina lake, na jina dogo rasmi kama lipo. Nukuu za wakaguzi, nyota, majina ya tuzo, punguzo la bei, matangazo ya gemu nyingine, vyote marufuku. Anayekaidi anaweza kupunguziwa mwonekano na kukosa nafasi kwenye matukio ya mauzo. Ukitoa sasisho kubwa unaweza kuweka kapsuli ya muda yenye maneno ya kulitangaza, kwa kipindi kisichozidi mwezi. Picha zenyewe ziwe za kutazamwa na watu wa rika zote hata kama gemu ni ya watu wazima. Google Play nao hawataki aikoni inayojisifu kuwa namba moja au inayotaja bei.

Ukurasa wa Steam hukaguliwa na watu kabla ya kufunguliwa, kwa kawaida siku 3 hadi 5 za kazi, na lazima ukae hadharani kama "inakuja" kwa wiki 2 angalau kabla ya kuuza. Usipange kumaliza kava wiki ya uzinduzi.

Hatua ya 9: Lijaribu kwa watu wasiokupenda

Piga picha ya skrini ya sehemu halisi ya mapendekezo ya Steam, ingiza kapsuli yako ya kichwa katikati ya nyingine kumi, na mwonyeshe mtu asiyeijua gemu yako. Hesabu moja hadi tatu kimya kimya, kisha ifiche. Muulize mambo mawili tu: umekumbuka ipi, na ile yenye tanga ni gemu ya kufanya nini? Usimuulize kama ni nzuri. Kila mtu atakwambia ni nzuri. Akijibu "ya uvuvi", si ajabu na si msiba, ila ujue mtu wako wa chini anaonekana mvuvi. Mwekee rundo la boriti nyuma yake umjaribie mwingine. Itazame pia kwenye simu ya bei ndogo, mwanga umepunguzwa, ukiwa nje juani, maana ndivyo watu wengi watakavyoiona.

Ukurasa ukishafunguliwa, Steam hukuonyesha picha zako zilitokea mara ngapi mbele ya watu na ni wangapi walibonyeza. Haikupi njia ya kushindanisha makava mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukibadilisha, andika tarehe na ulinganishe kipindi kinachofanana; wiki ya mauzo makubwa usiilinganishe na wiki kavu. Google Play wao wana jaribio la kushindanisha: unaweka hadi matoleo matatu ya aikoni au bango dhidi ya lililopo, nao wanagawa wageni. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio. Rangi ya anga leo, ukubwa wa tanga baadaye, na jaribio liache lifike mwisho kabla hujaanza jingine.